Bima ya marejesho ya nyumba: mume amesaini, mimi nasita

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Northampton. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ni muuguzi katika hospitali ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa hapa Uingereza, na nimetimiza miaka sita kazini. Miezi michache iliyopita mimi na mume wangu tulipata nyumba yetu ya kwanza kwa mkopo wa pauni 205,000 wa miaka 25, na kila mwezi tunarejesha pauni 1,150. Mume wangu anafanya kazi ghalani kupitia wakala wa ajira, na huu ni mwezi wake wa kumi na nne. Viza yake ni ya mwenza, na ina sharti la kutotumia fedha za umma, yaani posho na misaada ya serikali. Mshahara wangu ndio unaobeba marejesho na sehemu ya chakula, na wake unabeba umeme, gari, mahitaji ya watoto na fedha kidogo tunazomtumia mama yangu. Akiba yetu ni pauni 2,100, na zamu yangu ya kupokea upatu bado iko mbali.

Dalali aliyetutafutia mkopo alitupigia simu hivi karibuni akatueleza habari za bima ya kulinda marejesho ya nyumba, ile wanayoiita MPPI. Tutalipa pauni 46 kwa mwezi, na ikiwa mmoja wetu ataugua, ataumia au atapoteza kazi, bima italipa kwa muda usiozidi miezi 12, baada ya kungojea siku 60. Kwa maneno yake, nyumba nzima italindwa. Katika karatasi, hata hivyo, nimeona imeandikwa asilimia 50 kwa kila mmoja wetu, na sikuelewa maana yake. Mume wangu amekwisha kusaini mtandaoni, na hati zilitufikia siku tisa zilizopita.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha. Mwaka juzi mume wangu aliumwa mgongo, akaenda kwa daktari na kufanyishwa mazoezi ya viungo kwa wiki sita. Fomu ilipouliza kuhusu maradhi ya nyuma, dalali alimwambia kwamba hilo ni dogo na halina haja ya kutajwa.

Kaka yangu wa Birmingham anasema bima hizi zote ni wizi, kwa kuwa yeye mwenyewe alirudishiwa fedha za bima aliyobandikiwa kwenye mkopo wa gari mwaka 2006. Mume wangu anajibu kwamba mwenzake wa kazini nusura apoteze nyumba baada ya kuvunjika mguu, kwa sababu hakuwa na bima yoyote. Nyumbani sasa hatuzungumzi jambo jingine. Je, tuendelee nayo au tuivunje?

Mama Nuru, Northampton

*

Dada yangu Mama Nuru,

Nashukuru kwa barua yako, na hasa kwa kuniandikia tarakimu zote, kwa kuwa swali hili halijibiki bila tarakimu. Nakupa jibu kwanza, kisha sababu zake: kwa hali mliyo nayo leo, mkataba huu msiendelee nao. Hata hivyo naomba usimpelekee Baba Nuru jibu hili kama ushindi wako, kwa sababu hofu yake ni ya kweli, na kinga anayoitafuta ipo. Tatizo ni kwamba haimo katika karatasi aliyoisaini.

Nianze na kaka yako, kwa kuwa naye ana haki ya kusikilizwa. Bima aliyouziwa mwaka 2006 ilikuwa ya familia hii hii, yaani bima ya kulinda marejesho ya mkopo. Katika miaka ile iliuzwa pamoja na mikopo ya magari, kadi za benki na mikopo ya nyumba, mara nyingi bila mkopaji kuulizwa kama ana ajira ya kudumu au ana maradhi, na wakati mwingine ada yake yote ya miaka kadhaa iliongezwa juu ya mkopo wenyewe, hata mtu akawa anailipia riba. Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa mwaka 2011 pingamizi la mabenki dhidi ya kanuni za kushughulikia malalamiko ya wateja hao, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bi Plevin, ambaye katika kila pauni 100 za bima aliyolipa, karibu pauni 72 zilikuwa kamisheni ambayo hakuambiwa habari zake. Hadi zoezi la madai lilipofungwa, baada ya tarehe ya mwisho ya 29 Agosti 2019, waliouza bima hizo walikuwa wamerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Kwa hiyo kaka yako hakuota. Lakini kosa lililothibitishwa wakati ule lilikuwa kumuuzia mtu bima ambayo isingeweza kumlipa, na kumficha gharama zake. Bima yenyewe, kwa mtu inayemfaa, haikuharamishwa, na ndiyo maana swali lenu linapaswa kuwa hili: ikiwa jambo mnaloliogopa litatokea, je, karatasi hii italipa?

Kwa upande wa Baba Nuru, ninaogopa kwamba kwa sehemu kubwa haitalipa. Kifungu cha kupoteza kazi katika mikataba ya namna hii kwa kawaida humkinga mwajiriwa wa kudumu aliyepunguzwa kazini bila ridhaa yake. Aliyeacha kazi mwenyewe, aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, aliyekubali kupunguzwa kwa hiari, na yule ambaye mkataba wake wa muda umefika mwisho, wote hao kwa kawaida huwekwa nje. Mfanyakazi wa wakala wa ajira anaingia hapo hapo penye utata, kwa sababu wakala akiacha kumwita zamu, hakuna barua ya kupunguzwa kazini, na kampuni ya bima itauliza barua hiyo iko wapi. Naomba mfungue hati mliyotumiwa, mwende kwenye ukurasa unaoeleza maana ya maneno, msome jinsi walivyofasiri neno ajira na neno kukosa kazi. Ukurasa huo watu wengi huuruka kwa kuwa hauna mvuto, lakini ndio unaoamua kila dai. Mkikuta wanataka ajira ya kudumu, basi sehemu hiyo ya bima Baba Nuru anailipia bure.

Inabaki sehemu ya ugonjwa na ajali, na hapo ndipo suala la mgongo linapoingia. Maumivu ya mgongo ni miongoni mwa mambo ambayo mikataba hii huyawekea masharti makali zaidi, na maradhi ambayo mtu alikwisha kuyatibiwa kabla ya kukata bima mara nyingi hayalipiwi kabisa, angalau kwa kipindi fulani. Mtu anayenyanyua mizigo ghalani, ambaye mgongo wake umewahi kumsumbua, hatari yake kubwa ni mgongo huo huo. Ikiwa mgongo umetolewa nje ya bima, sijui mnanunua nini.

Na kuhusu ushauri wa dalali kwamba msilitaje, nitasema kwa uzito wote nilio nao: ni ushauri mbaya, na atakayeadhibiwa kwa kuufuata ni Baba Nuru. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu maelezo ya mteja wa bima haimdai mteja ataje mambo ambayo hakuulizwa, lakini inamtaka ajibu maswali aliyoulizwa kwa uangalifu na kwa kweli. Akijibu kwa uzembe, fidia inaweza kupunguzwa au kukataliwa, kutegemea kampuni ingefanya nini kama ingejua. Akijibu uongo kwa makusudi, kampuni inaweza kuuvunja mkataba wote, kukataa dai na kubaki na ada zilizolipwa. Kampuni hazichunguzi majibu haya siku ya kuuza. Huyachunguza siku ya dai, zinapoomba kumbukumbu kwa daktari, na wakati huo mgonjwa yuko kitandani na hana mshahara.

Sasa nije kwako wewe, kwa sababu nadhani jambo hili hamjaliona. Masharti ya kazi ya NHS yanayoitwa Agenda for Change yanampa mfanyakazi aliyetimiza miaka mitano haki ya kulipwa mshahara kamili kwa miezi sita ya ugonjwa, kisha nusu mshahara kwa miezi sita mingine. Chukua kalamu uchore mistari miwili. Mstari wa kwanza ni mshahara wako wa ugonjwa: mwezi wa kwanza hadi wa sita ni kamili, wa saba hadi wa kumi na mbili ni nusu, na baada ya hapo hakuna kitu. Mstari wa pili ni bima hii: miezi miwili ya mwanzo hakuna kitu, kisha inalipa kuanzia mwezi wa tatu hadi wa kumi na nne, halafu inakoma. Utaona kwamba katika malipo 12 ya bima, manne yanaangukia wakati ambapo bado unapokea mshahara kamili, na mawili tu yanaangukia wakati ambapo huna chochote. Ugonjwa wa kweli wa kutisha, ule wa miaka miwili au mitatu, unakukuta uchi kuanzia mwezi wa kumi na tano. Bima hii inakulipa pale ambapo huna shida kubwa, na inakuacha pale ambapo shida inaanza.

Ile asilimia 50 uliyoiona maana yake ni kwamba kila mmoja wenu amekingwa kwa nusu ya rejesho. Ukiugua wewe peke yako, bima italeta pauni 575 kwa mwezi, nanyi mtajazia pauni 575 zilizobaki. Hakuna ubaya katika kugawana hivyo, na mikataba ya watu wawili mara nyingi hugawanywa, lakini kusema kwamba nyumba nzima imelindwa ni kuwapa picha isiyo kamili. Pauni 46 kwa mwezi ni pauni 552 kwa mwaka. Mkiilipa bila kubadilika kwa miaka yote 25, mtakuwa mmetoa pauni 13,800, ambazo ni sawasawa na fidia ya miezi 12 ya nyote wawili kwa pamoja. Sikuandikii hesabu hii ili kusema kwamba bima ambayo mtu hakuidai ni hasara, kwa kuwa anayekata bima ya moto hatamani nyumba iungue. Naiandika ili mjue kwamba si kinga ya bei ndogo, na kwamba katika mikataba mingi kampuni ina haki ya kuipandisha ada hiyo baadaye.

Halafu kuna siku 60 za kungojea. Malipo ya bima hizi kwa kawaida hutolewa mwezi ukiisha, kwa hiyo baada ya siku 60 kuna siku nyingine 30 kabla fedha ya kwanza haijafika. Ni miezi mitatu. Hata mwenye bima, basi, anahitaji akiba ya marejesho matatu, ambayo kwenu ni pauni 3,450, nanyi mna pauni 2,100. Upatu usiuhesabu humo, maana zamu haiji kwa sababu umeugua, labda wenzako wawe na utaratibu wa kubadilishana zamu na muwe mmekubaliana mapema. Kama nyumba hii ingekuwa yangu, zile pauni 46 zingekwenda kwenye akiba hiyo kwanza, kila mwezi, hadi ifike pauni 3,450, jambo ambalo litawachukua karibu miezi 30, na pungufu ya hapo mkiongeza chochote.

Nisieleweke kwamba bima hii haimfai mtu yeyote. Mfikirie mtu aliyeajiriwa kwa kudumu katika kampuni binafsi, ambaye mwajiri wake hampi zaidi ya malipo ya ugonjwa ya kisheria, ambaye hajafikisha miaka miwili kazini na kwa hiyo hana haki ya kiinua mgongo cha kisheria akipunguzwa, na ambaye peke yake ndiye analipa nyumba. Kwa huyo ningesema akate, mradi asome vifungu, na mradi asingoje hadi uvumi wa kupunguza watu uanze kazini, kwa kuwa mikataba mingi haimlipi aliyepoteza kazi katika miezi michache ya mwanzo wala aliyejua kwamba panga liko njiani.

Msaada wa serikali msiutegemee sana. Upo mpango unaosaidia kulipa riba ya mkopo wa nyumba, lakini tangu Aprili 2018 ni deni linalodaiwa nyumba itakapouzwa. Hulipa riba tu, si deni lenyewe, na mtu huupata baada ya miezi mitatu ya kupokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo nayo huangalia kipato cha nyumba nzima. Mshahara wako peke yake huenda ukawafungia mlango huo, na viza ya Baba Nuru haimruhusu kudai chochote humo. Posho ya kutafuta kazi inayotokana na michango ya National Insurance, ile inayokatwa kwenye mshahara, haihesabiwi kuwa fedha za umma, kwa hiyo viza haimzuii, lakini hutegemea michango ya miaka miwili ya kodi iliyotangulia, na mtu wa miezi kumi na minne huenda hajaifikisha.

Kinga mnayoihitaji, kwa maoni yangu, iko kwa Baba Nuru na ni ya ugonjwa. Akiugua leo, tegemeo lake ni malipo ya ugonjwa ya kisheria, ambayo katika mwaka wa fedha wa 2025/26 yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki kwa wiki zisizozidi 28. Hizo ni kama pauni 515 kwa mwezi, chini ya nusu ya rejesho lenu, na umeme, gari na watoto bado. Ipo bima ya kulinda kipato, ambayo ni tofauti na MPPI: haigusi kupoteza kazi, bali hulipa sehemu ya mshahara wa mgonjwa kila mwezi, na kwa mikataba ya muda mrefu huendelea hadi apone au afikie umri uliowekwa. Mwambieni dalali mwingine, anayeruhusiwa kulinganisha kampuni nyingi, awatafutie ya Baba Nuru peke yake, yenye muda wa kungojea wa wiki nne au nane. Mtajieni mgongo na kazi ya wakala kabla ya jambo lolote. Inawezekana mgongo ukatolewa nje au ada ikawa kubwa kidogo, lakini mtajua mnachonunua, na akivunjika mguu kama mwenzake wa ghalani, atalipwa. Wewe, ukitaka yako, chukua ya kungojea miezi 12, ianze pale NHS inapoishia. Kadiri muda wa kungojea unavyokuwa mrefu ndivyo ada inavyoshuka.

Kifo hukukitaja katika barua, nami nitakitaja kwa kuwa MPPI hailipi mtu akifariki. Kama hukujitoa katika mfuko wa pensheni wa NHS, familia yako ingepokea takribani mara mbili ya mshahara wako wa mwaka, kiasi ambacho hakifiki pauni 205,000. Bima ya maisha inayopungua kadiri deni linavyopungua kwa kawaida ni nafuu kuliko hizi nyingine zote, na kwa wazazi wenye watoto wadogo ningeitanguliza mbele ya MPPI.

Kuhusu kuivunja, mna siku 30 tangu mlipopokea hati, na tisa zimekwisha kupita. Baba Nuru aiandikie kampuni ya bima moja kwa moja, kwa barua pepe, akitaja nambari ya mkataba na kusema kwamba anautengua ndani ya muda ulioruhusiwa; kisha ahifadhi nakala ya barua na ya jibu. Kama makato ya kwanza yatakuwa yamepita, na hakuna dai lililofanywa, fedha hizo zirudishwe. Msimtumie dalali ujumbe wa mdomo na kuamini kwamba umefika. Mna haki pia ya kumuuliza dalali huyo kamisheni yake kwa mkataba huu ni kiasi gani, na ya kulalamika kwa maandishi kuhusu ushauri wake juu ya mgongo. Ofisi yake ina wiki nane za kuwapa jibu la mwisho, na lisiporidhisha mnaweza kulipeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru cha kusuluhisha malalamiko ya wateja wa mabenki na bima, ndani ya miezi sita, bila malipo. Nawaomba mfanye hivyo hata kama hamjapata hasara, kwa kuwa simu aliyowapigia ninyi bila shaka anawapigia na wengine.

Benki yenu isiwatishe kwamba bima hii ni lazima. Wanaweza kuwataka mkate bima ya jengo, na hiyo mnayo bila shaka, lakini ya marejesho ni hiari. Na siku ikitokea kwamba rejesho litachelewa, pigeni simu benki kabla halijachelewa. Mabenki mengi yalitia saini mwaka 2023 makubaliano na serikali kwamba hayatamwondoa mtu nyumbani bila ridhaa yake ndani ya miezi 12 tangu aliposhindwa rejesho la kwanza, isipokuwa kwa hali za pekee. Ulizeni kama yenu imo.

Baba Nuru akipata ajira ya kudumu pale ghalani, muulize mwajiri siku hiyo hiyo analipa ugonjwa kwa muda gani, kisha niandikie tena, kwa sababu hesabu ya upande wake itakuwa imebadilika.